Bikoni za Injinia Eustaki

Pito, Sumbawanga
Jumapili, mwezi wa sita

Kwako kaka yangu Nyanda,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Albina na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua kwa sababu ya baridi, nawe unaijua baridi ya Ufipa mwezi huu, lakini anakula vizuri na anagombana na kuku wa mwenye nyumba wetu kama kawaida yake. Mahindi yameshavunwa. Ulezi bado uko juani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu ipo. Mambo haya sitaki yakae kwenye simu ya mtu yeyote, yangu wala yako. Barua nimempa Enock, yule dereva wa lori anayepitisha mizigo mpakani Kasesya, naye ameniahidi kwamba atakukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu neno.

Kaka, yule mtu nimempata. Nimemfanyia kazi, nimekula naye meza moja, na nimemwangusha mbele za watu. Nakuandikia ujue nilivyofanya, kwa sababu kisasi hiki kilikuwa chako kabla hakijawa changu.

Unaukumbuka mwaka zilipopandwa bikoni. Lilikuja gari jeupe na watu wenye fulana za kung'aa, wakashika mitambo yao, wakachimbia nguzo za zege kutoka kilimani mpaka mtoni, wakaondoka. Hatukuwaelewa. Haukupita muda askari wa hifadhi wakaja na karatasi wakisema boma letu liko ndani ya msitu wa serikali, na mashamba ya Wafipa wa upande wa juu, akina mzee Loth, nayo yamo ndani. Ng'ombe wa baba wakaswagwa mbele ya macho yetu. Wewe ukamvunja mkono yule askari kwa rungu, ukavuka kwenda Zambia, na masika hayakuisha baba akafa. Siku ya kuondoka uliniambia, mimi nikiwa bado na sare ya shule, kwamba siku itakapothibitika kuwa mpaka ule ulikosewa, utarudi kwa miguu yako mwenyewe, mchana, ukipita katikati ya soko. Ni kwa sababu ya maneno yale nilisomea upimaji. Mama alifikiri ni kwa sababu ya hesabu.

Nilipomaliza chuo niliajiriwa na kampuni moja ya upimaji yenye ofisi hapa mjini. Siku ya kwanza akaja mkuu wa kazi kunisalimia, na nikalitambua sikio lake la kushoto lililokatika ncha kabla hajafungua mdomo. Ni yeye aliyekuwa akitoa amri siku ile ya bikoni. Anaitwa Injinia Eustaki. Akaniuliza jina langu, nikamwambia Hellena Lushinge. Jina la baba nililitamka polepole huku nikimtazama usoni. Hakupepesa hata kope. Akasema karibu sana binti, hapa tunafanya kazi kwa bidii.

Kaka, wiki zile za mwanzo nilifikiria mambo ambayo sitayaandika hapa. Nilimchemshia chai mtu yule. Nilibeba begi lake. Usiku nilikuwa nikimweleza baba moyoni kwamba asubiri kidogo, nipo karibu.

Jambo lililonisumbua ni kwamba hakuwa mtu mkali. Alinifundisha kazi kwa uvumilivu kuliko walimu wangu wote wa chuo, na alipenda kuulizwa maswali. Akiulizwa mbele ya watu ndiyo kabisa, uso ulikuwa unamng'aa, na angeeleza mpaka chakula kipoe. Niliiona tabia hiyo mapema. Nikaiweka akilini kama mtu anavyoficha kisu chini ya mkeka.

Mwaka huu kampuni ikapata kazi ya kupima kina cha ziwa pale Kabwe, mahali panapotarajiwa kujengwa gati jipya. Tukateremka na vifaa vyetu, tukakodi mashua ya nahodha mmoja mtaratibu aitwaye Yonas. Kazi yenyewe ni hivi. Chini ya mashua unafunga kipima kina, kinachopiga sauti majini na kusikiliza sakafu ya ziwa. Juu ya mlingoti unafunga antena ya setilaiti, inayokuambia uko wapi duniani. Vyote viwili unaviunganisha kwenye kompyuta, na ile programu inavioanisha: mahali hapa, kina hiki. Kikiharibika kimoja, ramani yote ni takataka.

Siku ya kuunganisha ile antena nilihangaika sana. Skrini ilikuwa tupu. Injinia akaja akakaa kando yangu juu ya ndoo iliyofunikwa. Akanionyesha kwamba kebo imechomekwa sawa ila kompyuta imeambiwa isome kwa kasi isiyo ya antena, kwa hiyo inapokea habari lakini haielewi kitu. Tukabadilisha kasi, namba zikaanza kutiririka. Akanifundisha kuingiza umbali kati ya antena na kipima kina, kwa sababu kimoja kiko mlingotini na kingine kiko ubavuni mwa mashua, na programu isipoambiwa itadhani viko mahali pamoja. Kisha tukafika kwenye sehemu ya kuchagua mfumo wa namba za dunia. Kumbe kuna mfumo wa zamani uliochorewa ramani za karatasi za nchi yetu, na kuna huu wa setilaiti. Sehemu ileile ya ardhi ina namba tofauti katika kila mfumo. Chuoni nilifundishwa hayo, lakini nilikuwa sijawahi kuyaona yakitokea.

Akanionya nisiguse pale bila kufikiri, maana ukichagua vibaya kila kitu kinahama mwendo wa viwanja vitatu vya mpira, na hakuna kengele itakayolia. Halafu akacheka, akamgeukia Yonas, akasimulia kwamba yeye mwenyewe zamani, akiwa mgeni wa mitambo hii, aliwahi kupanda bikoni za mpaka mzima kwa namba za ramani ya zamani bila kuzigeuza. Alikuja kugundua mwaka uliofuata, akiwa kwenye mafunzo. Yonas akamuuliza ilikuwaje baadaye. Akajibu kwamba mambo yalikuwa yameshasainiwa, na wakazi wenyewe walikuwa wameshahama, sasa ungemwambia nani.

Nyanda, nilikuwa nimeshika bisibisi. Niliishika mpaka kiganja kikabaki na alama.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa nikapanda kwenda kwetu kule kwa zamani, nikiwa na GPS ya mkononi na namba za mpaka zilizomo katika tangazo la serikali, ambazo mtu yeyote anaweza kuziomba, nami nilikuwa nimeshazigeuza kwenda mfumo wa setilaiti. Nilipita bikoni moja baada ya nyingine, nyasi zikiwa zimenifika kifuani. Zote zilikuwa zimeruka kwenda kaskazini, kwa umbali uleule, upande uleule. Mashamba ya mzee Loth, ambayo hifadhi iliyameza, hayakuwahi kuwa ndani ya hifadhi hata siku moja. Nilikaa juu ya bikoni ya mwisho nikalia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Kisha nikaenda kumtafuta mzee Loth.

Unajua tulivyokuwa na wale. Ng'ombe wetu walikula ulezi wao, nao walituita sisi Wasukuma watu waliokuja na vumbi. Nilimwamkia mlangoni, nikamweleza. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akamwita mke wake, mama Fortunata, aje asikie. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba siku nitakayomwita Kabwe aje, akae kimya mpaka nitakapomtazama.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya wenye mradi kuja kukagua. Alikuja Bi Cornelia, mama mmoja wa makamo anayesimamia mradi wa gati, asiyependa maneno mengi, pamoja na afisa wa ardhi, viongozi wa kijiji na wavuvi waliotaka kujua gati litawekwa wapi. Mashua ilikuwa imefungwa palepale ufukweni, na kioo kikubwa cha kuonyeshea tulikiweka chini ya turubai ili kila mtu aone. Mzee Loth alisimama nyuma na koti lake la kanisani.

Asubuhi ile, kabla watu hawajafika, mimi ndiye niliyefungua programu nikabadilisha mfumo. Nilichagua ule wa zamani. Sikugusa kitu kingine.

Injinia akaanza kuhutubia. Akawaambia watazame, alama nyekundu ni mashua yetu, mtaiona ilipo kwa usahihi wa kiganja cha mkono. Wakatazama. Kwenye kioo mashua ilikuwa nchi kavu, kaskazini kule, juu ya mapaa ya nyumba za watu. Mvuvi mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, imepaki kwa mama mkwe wangu!" Watu wakaangua kicheko.

Mtu mwingine angekasirika. Yeye hakukasirika, kama nilivyotarajia. Alitabasamu, akasema kwamba hii ni bahati nzuri, mtajifunza kitu. Akafungua mipangilio mbele yao, akawaonyesha kosa liko wapi, akaeleza mifumo miwili, akageuza, na ile alama nyekundu ikaruka ikatua pale pale ufukweni. Watu wakapiga makofi. Uso ulikuwa unamng'aa.

Hapo nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikamuuliza, "Injinia, kosa kama hili likifanyika nchi kavu, kwenye bikoni za mpaka, wananchi watajuaje?"

Akasema hawawezi kujua. Majini utaona mashua iko kwenye paa, lakini kule porini bikoni ni bikoni.

"Umewahi kuliona likitokea?"

Akacheka, akasema amewahi kulifanya mwenyewe, kila fundi hujifunza kwa makosa.

"Wapi?"

Siyo mimi niliyeuliza hilo, kaka. Ni Bi Cornelia. Alikuwa ameshaacha kutabasamu. Injinia akababaika, akasema ni zamani, hakumbuki vizuri ni wilaya gani. Nikasema mimi nakumbuka. Nikalitaja eneo, nikaitaja hifadhi, nikampa afisa wa ardhi ile GPS ya mkononi yenye vipimo vyangu, kisha nikamtazama mzee Loth.

Alikuja mbele taratibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kile Kiswahili chake chenye Kifipa ndani, na watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Alisema, "Mimi ni Loth. Shamba lile ni langu. Mama yangu kazikwa mle. Nikienda kupalilia kaburi lake nafukuzwa na mbwa. Miaka yote hii nilifikiri labda ni kweli, labda marehemu baba yangu alilima pasipo pake." Akamgeukia Injinia. "Kumbe wewe ulikuwa unajua?"

Kaka, laiti ungeuona uso ule. Akanitazama mimi, nami nikaona anaanza kuelewa kwamba ile mashua haikupanda juu ya paa yenyewe. Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Nilikuwa nimelala na njaa ya dakika ile tangu nikiwa mtoto, na nilishiba.

Mambo yaliyofuata yalikwenda upesi. Kampuni ilimsimamisha. Serikali ikatuma wapimaji wengine na mstari ukarudishwa mahali pake. Mzee Loth na wenzake wamerudi mashambani mwao, na kaburi la yule bibi limefyekwa. Mimi nimebakizwa kazini, ingawa wenzangu wengi wananikwepa, na ninajua wanachosemezana. Wacha waseme.

Sasa kaza moyo wako, kaka, kwa sababu nimefika mahali nilipokuwa naogopa kufika.

Jumamosi ile nilipokwenda kupima bikoni, nilipima na boma letu. Mawe ya jikoni kwa mama bado yapo. Nilisimama juu yake, nikasoma namba, nikarudia, nikabadilisha betri nikarudia tena. Nyanda, tulikuwa ndani. Kwa mstari wa Eustaki tulikuwa ndani, na kwa mstari sahihi tulikuwa ndani vilevile, ng'ambo ya kijito, mbali kabisa na mpaka. Yule mwenyekiti wa kijiji aliyemkaribisha baba tulipofika kutoka Shinyanga alimkaribisha kwenye ardhi isiyokuwa yake. Hakuna aliyetuonea kwa bikoni. Waliodhulumiwa ni akina Loth, tuliokuwa tukiwalishia mifugo shambani.

Nililijua hilo kabla sijaenda mlangoni kwa mzee Loth, na kabla sijagusa programu. Nikaendelea.

Injinia mwenyewe amelijua sasa. Wiki iliyopita alikuja hapa Pito, mchana, kwa miguu. Mama hakumjua, akamkaribisha, akampa togwa. Mama alipotoka, Injinia aliniambia kwamba ameziona hesabu mpya na boma la mzee Lushinge halikuguswa na kosa lake. Akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua tangu mwanzo. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa kwa nini, binti yangu?"

Nikamweleza jambo ambalo hata wewe hulijui, maana ulikuwa umeshavuka. Baada ya ng'ombe kuchukuliwa, baba alinichukua tukaja mjini kumtafuta mkubwa wa wale wapimaji. Tulisubiri nje ya geti mpaka gari likatoka. Baba akavua kofia, akashika ukingo wa kioo cha gari, akamwomba aje apime tena, mara moja tu, na akisema tumo ndani atahama bila neno. Injinia Eustaki alikuwa anaongea na simu. Hakukata simu. Alipandisha kioo, na vidole vya baba vilikuwa bado vipo pale. Gari likasogea kidogo kabla hajavichomoa. Nyumbani alimwambia mama amebanwa na mlango wa basi, akanikataza kusema. Hakufa kwa vidole, kaka. Lakini tangu siku ile hakumwomba tena mtu yeyote kitu chochote, hata maji ya kunywa alikuwa anajichotea akiwa anatetemeka. Kama mtu yule angeshuka garini akapima, angeliona kosa lake mwenyewe, Loth asingepoteza shamba, na baba angeambiwa ukweli na mtu aliyemtazama machoni. Baba hakutaka zaidi ya hapo.

Nilipomaliza, Injinia aliweka togwa yake chini. Nilimwona anatafuta kweli kichwani mwake. Kisha akaniuliza, "Mzee yupi huyo?"

Hakumkumbuka. Nilifungua mlango nikamwonyesha njia. Nilidhani nimeshiba pale Kabwe, lakini jioni ile njaa ilirudi, na mpaka leo ninapoandika ipo. Sijui atafanywa nini tena mtu aliyekwisha kuanguka. Ningepewa siku nyingine kama ile ningeirudia, na safari hii ningemuuliza kuhusu kioo mbele ya wote.

Kwa hiyo kaka, sina hati ya kukurudisha kupitia katikati ya soko. Askari uliyempiga alikuwa anafanya kazi yake, na mkono wake haukunyooka. Anauza vocha karibu na stendi. Nimempita mara nyingi. Kama utakuja, utakuja kama mtu mwenye la kujibu. Kama hutakuja, sitakulaumu. Lakini sikutaka uendelee kuishi huko ukilindwa na jambo lisilo kweli, ilhali mimi ndiye niliyekulea nalo katika kila salamu niliyokutumia.

Enock atakupa pia mfuko wa unga wa ulezi. Umetoka kwa mama Fortunata. Alikuja nao kichwani mpaka hapa, akapiga magoti kunishukuru, akasema Wasukuma wana moyo, kwamba niliwapigania wao badala ya watu wa kwetu. Sikumsahihisha. Nimeshindwa kuula, ndiyo maana nauleta kwako.

Nisalimie wifi Albina, mwambie kitenge nilichomuahidi hakijasahaulika. Wabusu watoto. Mzee Loth anakusalimu, na amesema kwa kinywa chake kwamba yaliyopita kati yetu yameisha kwa upande wake.

Mama yuko hapa pembeni yangu anamenya maboga. Anajua tu kwamba mpimaji alikosea na amefukuzwa, na ameshatangaza Pito nzima kwamba marehemu mume wake amesafishwa jina. Sijapata mdomo wa kumwambia. Ameniambia niandike hivi, nami naandika kama alivyosema: mwanangu, mpaka umenyooka, njoo nyumbani, nimekutandikia.

Mdogo wako,
Hellena Lushinge